Rudisha Hiyo Fimbo Dukani

Kabla sijatembea kutoka Kilifi hadi Malindi nikifuata bahari, niliwauliza marafiki zangu wa Nairobi, wale wa kupanda milima kila wikendi, swali moja tu: nibebe fimbo gani? Nilijibiwa kama mtu aliyeuliza anunue gari gani. Kaboni, wakasema. Jozi, si moja. Ile ya kukunjika, iingie kwenye begi. Jozi waliyonionyesha ilikuwa inauzwa shilingi 12,000, pesa ambazo mimi huzipata nikishaandika makala matatu na kumkumbusha mhariri mara tano kwamba hajanilipa.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza nitakanyaga nini. Ugomvi wangu na watu wangu unaanzia hapo.

Wacha kwanza niwape haki yao. Fimbo za mlimani si upuuzi. Ukishuka Longonot au Mlima Kenya na begi zito mgongoni, mikono yako inabeba sehemu ya mzigo ambao magoti yangeubeba peke yake. Ukizirekebisha urefu vizuri, kiwiko kikae pembe mraba unaposimama wima, utaona tofauti jioni. Mwenye goti bovu asinisikilize nikipiga kelele. Anunue, atembee, afurahi.

Lakini pwani si mlima. Mchanga mkavu wa juu unameza ncha. Ile ncha ya chuma kigumu imetengenezwa ing'ate mwamba, na kile kisahani kidogo kilicho juu yake ni cha njia ya udongo. Ukitaka fimbo isizame mchangani unahitaji kisahani kipana, kile wanachofungia watu wa theluji, na wauzaji wengi hata hawakwambii kipo. Nao mchanga wa chini, ule ulioachwa na maji yakipwa, ni mgumu kiasi kwamba huhitaji fimbo yoyote. Unatembea tu kama uko kwenye lami.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuchagua ni saa. Maji hujaa na kupwa karibu mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, yanapwa mbali sana, halafu yanarudi mpaka kwenye kuta za mahoteli na huna pa kupita. Ukikosea saa, hata uwe na fimbo ya dhahabu utakaa juu ya jiwe ukingoje bahari iamue. Saa za maji ziko kwenye simu yako, bure. Wavuvi wanazijua bila simu. Mbona hakuna aliyeniambia hayo nilipouliza? Kwa sababu saa za maji haziuzwi, na sisi tumezoea kwamba ushauri ni jina la kitu cha kununua.

Sikununua. Niliazima. Rafiki yangu mmoja alinipa jozi yake ya kaboni kwa moyo mweupe. Siku ya kwanza nilijiona msee wa maana, nikipita mbele ya hoteli moja baada ya nyingine. Askari wa ufukweni walinipungia mkono. "Jambo! Karibu!" Mimi, mtoto wa Nairobi, naambiwa jambo.

Siku ya pili, kabla ya kufika Uyombo, nikaingia kwenye mwamba. Ukiwa hujawahi kuuona: ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe, yana mashimo na makali kila mahali, na penye majani ya bahari panateleza. Ncha iliingia kwenye shimo, mwili wangu ukaendelea mbele, na fimbo ikasema ta! Ikawa vipande viwili. Kaboni ndivyo ilivyo. Ni nyepesi na imara ukiielemea kwa urefu wake, lakini ikibanwa na kusukumwa kutoka upande, inakatika bila onyo. Alumini ingepinda, nami ningeinyoosha kwa mkono na kuendelea nayo hata ikiwa imekaa kombo.

Na chumvi je? Chumvi na mchanga vinaingia kwenye maungio. Zile za kufunga kwa kuzungusha zinakwama kabisa. Zile za kibano cha nje zinavumilia zaidi. Zote zinataka kufunguliwa kila jioni, zioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zikaushwe vipande vikiwa mbalimbali. Nilipolala kwa watu usiku wa kwanza, maji ya nyumba hiyo yalikuwa yamenunuliwa kwa mtungi wa lita 20. Nikasimama uani na kikombe mkononi, nikiosha fimbo ya watu kwa maji ambayo mwenyeji wangu angepikia. Mama yule hakusema kitu. Afadhali angesema.

Ukitoka Uyombo kwenda Watamu, mlango wa Mida Creek unakukatia njia, lazima uvushwe. Mzee aliyenivusha alikuwa anasukuma dau kwa upondo, ule mti mrefu wa kugusia chini. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaitazama ile fimbo moja iliyobaki.

"Mwenzake yuko wapi?"

"Alivunjika, mzee."

"Na alikuwa akusaidia nini?"

"Magoti."

Akaniangalia. "Magoti yako yana miaka mingapi, mwanangu?"

Tulipofika ng'ambo alitoa mti wa mvinje uliokuwa umelala ndani ya dau, mnyoofu, unafika kifuani, umelainishwa na mikono ya watu. Akaniambia nikiingia majini nipige mbele kabla ya kutia mguu, ili taa akisikia aondoke, na penye tope nichome kwanza nione kina. Hii ndiyo kazi ya fimbo pwani: kuuliza chini pakoje kabla hujapakanyaga. Nilimpa nauli. Ya fimbo akakataa.

Sasa, siku hiyohiyo, huko mbele Watamu, mbele ya hoteli ambayo sitaitaja, askari alinisimamisha. Hakuna jambo, hakuna karibu. "We kijana, waenda wapi na hilo gongo? Huku ni kwa wageni." Nilikuwa nimesimama kwenye mchanga mbichi, maji yananilamba vifundo.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 62, inahesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Kwa lugha ya mtaani: pale penye unyevu ni pako. Nilimwambia hivyo, kwa adabu. Akasema yeye anafanya kazi tu, na namwamini. Siku yake ya mapumziko, akipita hapo bila yunifomu, huenda naye akaulizwa anaenda wapi. Mwishowe aliniacha nipite, lakini alinifuata kwa nyuma mpaka mwisho wa ukuta, kama mtu anayesindikiza mwizi.

Huenda haikuwa fimbo. Huenda lilikuwa jasho la siku mbili, au shati, au askari aliamka vibaya. Siwezi kuapa. Ninachoweza kuapa ni nilichokuwa nikifikiria nilipoazima ile jozi. Sikuwa nafikiria magoti. Magoti yangu ni mazima. Nilifikiri nikishika zile fimbo nitaonekana mtu aliye likizo, si kijana anayezurura. Nilikuwa natafuta pasi ya kupita kwenye mchanga ambao tayari ni wangu.

Na sidhani niko peke yangu. Tunanunua viatu, begi la kunywea maji kwa mrija, fimbo mbili, halafu tunasema tunapenda kutembea. Kutembea tunajua tangu utotoni. Tunachonunua ni ruhusa ya kutembea bila kuulizwa. Shida ni kwamba ruhusa ya kununuliwa inamgharimu mtu mwingine. Kadiri mtembeaji anavyozidi kutambulika kwa vifaa vyake, ndivyo asiye navyo anavyozidi kuonekana mshukiwa: kijana wa kijijini anayerudi kutoka kuvua pweza, ameshika chuma chake na ndoo, na amepita hapo maisha yake yote. Yeye hawezi kubadilisha fimbo akaambiwa jambo.

Kwa hivyo ukiniuliza uchague nini kwa safari ndefu ya ufukweni, jibu langu ni hili. Kama goti linauma au begi ni zito, nunua alumini ya kibano cha nje, weka kisahani kipana, na utoe mikono kwenye zile kamba ukiwa juu ya mwamba ili ukianguka usianguke umefungwa. Moja yatosha watu wengi. Mkono wa pili uachie mwamba. Kama goti halina neno, tafuta mti mnyoofu uliokauka, mvinje hauadimiki huko, lakini usikate mkoko. Kisha soma maji, toka asubuhi yakiwa yanapwa, na utembee penye unyevu.

Na ukisimamishwa, simama. Usionyeshe jina la kampuni kwenye begi lako, wala usigeuze lafudhi ya Kiingereza. Sema unaenda Malindi. Ikiwa mko kumi, semeni nyote kumi, na anayefuata nyuma yenu na ndoo ya pweza mngojeni apite pamoja nanyi.

Nilifika Malindi siku ya nne nikiwa na malengelenge mawili na fimbo mbili zisizofanana. Ya kaboni nimemrudishia mwenyewe, pamoja na ahadi ya shilingi 6,000 za mwenzake. Bado nadaiwa. Hela za makala haya, mhariri akilipa, zinaenda huko.