UCHAMBUZI: Kompyuta Kongwe, Mfumo Mpya na Usalama wa Taarifa za Mwananchi

Na Mwandishi Wetu

Katika Kata ya Bagamoyo mjini Tukuyu, Wilaya ya Rungwe, kama ilivyo katika miji midogo mingi nchini, mwananchi asiye na kompyuta huzifikia huduma za Serikali Mtandao kupitia steshenari. Hapo ndipo mhitimu wa kidato cha sita hujaza maombi kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, mtafuta kazi huingia katika Ajira Portal, mfanyabiashara wa parachichi huomba namba ya mlipakodi, na mzazi huhakiki cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kupitia RITA. Namba ya Kitambulisho cha Taifa, nywila, picha ndogo na nakala za vyeti, vyote hupita katika kompyuta moja ya mezani ambayo aghalabu iliingia nchini ikiwa tayari imetumika kwingine.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, umri wa kompyuta hiyo umekuwa jambo linalomhusu mteja, si mwenye duka peke yake. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliozinduliwa mwaka 2015. Kompyuta hazikuzimika. Printa ziliendelea kuchapa na tovuti ziliendelea kufunguka, na kwa sababu hiyo wengi hawakuona kilichobadilika. Kilichokoma ni masasisho ya usalama ya kila mwezi, yaani viraka vinavyoziba matundu ambayo wahalifu huyatumia kuingia.

Athari ya tundu lisilozibwa ilionekana Mei 2017, virusi vya WannaCry vilipofunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo ili yafunguliwe. Hospitali za Uingereza ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kiraka cha kuzuia shambulio hilo kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka, pamoja na wale waliokuwa na mifumo ya zamani ambayo haikuwa ikipata viraka tena.

Jibu linalokuja haraka ni kuhamia Windows 11, na hapo kompyuta nyingi za mezani hukwama. Mfumo huo unataka kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya diski ya gigabaiti 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha rasmi. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa ujumla huanzia kizazi cha nane, zilizoingia sokoni kuanzia mwaka 2017. Dell OptiPlex 7010, kwa mfano, ina prosesa za kizazi cha pili na cha tatu. Ikiongezewa kumbukumbu inaandika barua, inafungua tovuti na inachapa bila shida, lakini haikidhi sharti hilo.

Ndipo anapoingia fundi na flashi yake. Zipo njia za kulikwepa sharti la prosesa na TPM, na katika kompyuta nyingi Windows 11 huwaka na kufanya kazi vizuri. Mwenye steshenari hufurahi: sura ni mpya, na lile onyo la kuudhi limeondoka. Hata hivyo, Microsoft imekwisha kueleza kwamba kompyuta isiyokidhi masharti haina uhakika wa kupokea masasisho, yakiwemo ya usalama. Aidha, kila toleo la mwaka la Windows 11 kwa matumizi ya kawaida huhudumiwa kwa miezi 24. Kompyuta iliyoidhinishwa huletewa toleo linalofuata yenyewe. Iliyolazimishwa kwa kawaida humngoja fundi arudi. Asiporudi, mwenye duka anajikuta palepale alipokuwa na Windows 10, safari hii bila kujua, kwa kuwa sura bado ni mpya.

Kwa kompyuta kongwe zaidi, zile za Core 2 Duo, hata ukwepaji huo umefika ukingoni. Toleo la 24H2, lililotolewa Oktoba 2024, linahitaji amri za prosesa ambazo Core 2 Duo haina. Halitawaka kabisa, fundi awe hodari namna gani.

Flashi yenyewe pia inastahili kuulizwa imetoka wapi. Nakala ya Windows iliyochezewa ili isidai leseni inaweza kuwa imebeba programu ya kunasa nywila kabla mteja wa kwanza hajaketi. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hiyo ni hatari kubwa kuliko umri wa kompyuta.

Njia zilizo wazi ni chache. Kwa mtu binafsi mwenye Windows 10 halali ya toleo la 22H2, Microsoft iliweka nyongeza ya masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 za Marekani au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio ya kompyuta yake kupitia akaunti ya Microsoft. Taasisi na kampuni zina utaratibu wao: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, bei ikiongezeka maradufu kila mwaka, kwa miaka isiyozidi 3. Kwa kompyuta ya mtumba, hesabu hiyo inakaribia haraka thamani ya kompyuta yenyewe.

Njia ya pili haizungumzwi vya kutosha, nayo ni mifumo huria ya Linux. Ubuntu 24.04 hupokea masasisho bila malipo hadi mwaka 2029, na Linux Mint 22, iliyojengwa juu yake, vivyo hivyo. Linux Mint huridhika na kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni afadhali, na haiulizi TPM. Jambo hili si geni Tanzania: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Wakati huo kikwazo kilikuwa kwamba kazi nyingi zilitegemea programu zinazowekwa ndani ya Windows. Leo maombi ya mkopo, Ajira Portal, huduma za RITA na za mlipakodi hufanyika ndani ya kivinjari, na kivinjari hakijali sana kimewekwa juu ya mfumo gani mradi kiwe cha karibuni. Chrome, kwa mfano, iliziacha Windows 7 na 8.1 mwanzoni mwa mwaka 2023.

Linux ina usumbufu wake, na si haki kuuficha. Baadhi ya printa na skana huhitaji kutafutiwa programu zake. Waraka uliopangwa kwa Microsoft Word unaweza kuhama mistari ukifunguliwa katika LibreOffice, jambo linalomkera mwalimu aliyekuja kuchapa mtihani. Programu za uhasibu zilizotengenezwa kwa Windows pekee huenda zisifanye kazi. Kwa hiyo ni busara kuijaribu kwanza ikiwa katika flashi, bila kugusa diski, na kuchapa kurasa chache kabla ya kuamua.

Kabla ya yote, ichunguzwe betri ndogo ya duara iliyo ndani ya kompyuta. Ikichoka, kila umeme unapokatika saa hurudi nyuma miaka kadhaa, na tovuti salama hukataa kufunguka kwa kuwa vyeti vyake vya usalama havilingani na tarehe. Mwenye duka huambiwa kompyuta imepitwa na wakati, kumbe kilichokufa ni betri ya bei ndogo. Diski ya kuzunguka nayo ikibadilishwa kwa SSD, kompyuta iliyoonekana mzee hurudisha kasi ambayo mfumo mpya peke yake usingeileta.

Kwa ofisi za umma, ikiwemo ofisi ya kata, uamuzi huu haumhusu mtumishi mmoja na fundi wake. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 inazitaka taasisi za umma kufuata viwango vya Mamlaka ya Serikali Mtandao, na anayepaswa kuulizwa kwanza ni kitengo cha TEHAMA cha halmashauri. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu azilinde, na haiishii kwenye ofisi za Serikali. Steshenari inayohifadhi nakala za vyeti vya wateja wake haina sababu ya kujiona nje ya uzio huo.

Mteja naye ana haki ya kuuliza kabla hajaandika nywila yake: kompyuta hii bado inapokea masasisho? Akimaliza, ajitoe katika akaunti, akatae kivinjari kisihifadhi nywila, na aombe nakala za vyeti vyake zifutwe mbele yake.

Kwa anayeamua kununua kompyuta nyingine, diski ya ile ya zamani ifutwe kwa programu maalumu, au itolewe, kabla kompyuta haijauzwa. Kufuta faili kwa kubonyeza kitufe hakuiondoi papo hapo kwenye diski. Fundi mwenye programu ya kurejesha mafaili anaweza kuipata, pamoja na vyeti vya kila aliyewahi kuketi mbele yake.