Mbwa Asiyesimama: Kazi ya Majuma Sita



Katika Kasungami yetu kuna neno linalokata mazungumzo upesi: “Ni mbwa tu.” Husemwa pale mbwa wa lupango fulani anapogongwa na pikipiki, akabaki anaburuta miguu ya nyuma. Wengine humpeleka mbali na nyumba na kumwacha huko. Wengine humlaza nyuma ya choo, afe polepole. Wengine humpiga jiwe wakidhani wamemhurumia. Na mbwa huyo ndiye aliyekesha nje katika baridi ya Juni na Julai, akibweka ili watoto wa nyumba walale. Sisi tunasema kwamba neno hilo si la haki, na tunataka kuwaeleza kwa nini.

Jambo letu ni moja. Mbwa aliyeumia mgongo, awe amepasuliwa au hakupasuliwa, hupona au huangamia kadiri ya utunzaji anaopewa nyumbani. Kisu cha mganga ni kazi ya saa chache. Majuma yanayofuata ni kazi ya watu wa nyumba. Kazi hiyo inadai saa, mpango na mikono inayorudi kila siku, kuliko inavyodai fedha. Saa na mikono ni mali ambayo vijana wanayo.

Tuangalie kwanza kinachotokea mwilini. Ndani ya mfereji wa pingili za mgongo hupita kamba laini ya neva, inayopeleka amri kutoka ubongoni mpaka miguuni na kurudisha habari za maumivu. Katikati ya pingili kuna visahani laini vinavyofanya kazi ya mto. Mwaka 1952 mganga wa wanyama kutoka Uswidi, Hans-Jörgen Hansen, alieleza jinsi visahani hivyo vinavyoharibika na kuibana ile kamba. Mbwa wa miguu mifupi, kama dachshund, huathirika zaidi, kwa sababu visahani vyao hukauka mapema na kupasuka. Mpasuaji hufungua dirisha dogo katika mfupa na kuondoa kilichobana. Kwa mbwa wa mitaa yetu, adui wa kawaida ni gari na pikipiki, ambavyo huweza kuvunja pingili yenyewe.

Mganga atabana kidole cha mguu wa nyuma kwa nguvu. Mbwa akigeuza kichwa, akilia au akitaka kung'ata, maana yake maumivu yamefika ubongoni. Kuurudisha mguu peke yake hakutoshi, kwa kuwa mguu huweza kuruka bila ubongo kujua. Mbwa mwenye ugonjwa wa visahani ambaye bado anasikia maumivu ana tumaini kubwa: wakipasuliwa, takriban tisa kati ya kumi hutembea tena. Aliyepoteza hisia hiyo kabisa hubaki na tumaini la karibu nusu. Kwa mbwa ambaye bado anatembea, ijapokuwa kwa kuyumba, mapumziko makali ya angalau majuma manne, pamoja na dawa za mganga, ni tiba ya kweli hata bila kisu.

Lakini kabla ya mkono wowote kumgusa mbwa aliyelegea miguu ya nyuma, ulizeni: ameumiaje? Kichaa cha mbwa nacho huweza kuanza kwa kulegea kwa miguu. Ikiwa hakuna aliyeona ajali, na mbwa anatoa udenda mwingi, sauti yake imebadilika, anashindwa kumeza, au tabia yake imegeuka, msimguse. Wazuieni watoto wasimkaribie, na mwiteni mganga wa wanyama. Ugonjwa huu huua watu wapatao 59 000 duniani kila mwaka, wengi sana wao katika Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile apewe chanjo. Tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister, tunajua kwamba chanjo inayotolewa mapema huokoa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Ajali ikijulikana, mbwa abebwe juu ya ubao, bila kukunjwa, kama tunavyombeba mtu aliyeanguka kutoka juu ya nyumba. Maumivu humfanya amng'ate hata bwana wake. Kwa hiyo, ikiwa anapumua vizuri wala hatapiki, mfungeni mdomo kwa ukanda wa kitambaa kwa muda wa safari tu. Msimpe vidonge vya maumivu vya watu: ibuprofeni huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Mji wetu haukukosa wajuzi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina Kitivo cha Uganga wa Wanyama, na kumwuliza mjuzi ni mwanzo wa kila utunzaji mwema.

Sasa tufike nyumbani. Mbwa anahitaji kwanza mahali padogo. Mbao chache zinatosha kutengeneza sanduku ambalo ndani yake anaweza kulala na kugeuka, lakini hawezi kuruka wala kukimbia. Huu ndio mtihani mgumu kwa wenye huruma, kwa sababu mbwa atalia, na mtoto wa nyumba atataka kumfungulia. Kumfungulia katika juma la pili, anapoanza kujisikia vizuri, ni kuhatarisha yote. Atoke kwa haja zake tu, akiwa amefungwa kamba, huku kipande cha kitenge kimepitishwa chini ya tumbo, mbele ya miguu ya nyuma, ili mtu mmoja abebe uzito wa kiuno chake.

Pili, ngozi. Mbwa asiyesimama hulalia mfupa ule ule, na nyama iliyo katikati ya mfupa na sakafu hufa. Ageuzwe ubavu kila baada ya saa nne hadi sita, juu ya godoro nene na kavu. Mfuko wa unga uliooshwa, ukajazwa nyasi kavu, na kubadilishwa kila unapolowa, unafaa. Katika miezi ya baridi afunikwe. Mahali palipopasuliwa patazamwe kila siku: pakivimba, pakitoa usaha au harufu, mganga aitwe. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14.

Tatu, mkojo, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Mbwa aliyepooza mara nyingi hawezi kujikojolea vizuri. Wakiona matone kitandani husema, “Anakojoa, hakuna shida,” kumbe kibofu kimejaa mpaka kinafurika. Mkojo uliokaa huoza na kuleta homa. Mganga atawafundisha kukikamua kibofu kwa kubana tumbo polepole kwa mikono miwili, mara tatu au nne kwa siku: asubuhi, mchana, jioni, na kabla ya kulala. Jambo hili lisijaribiwe bila kufundishwa, wala lisirukwe hata siku moja baada ya kufundishwa. Kisha mbwa aoshwe na kukaushwa.

Nne, miguu. Mganga akiruhusu, miguu ya nyuma ikunjwe na kunyoshwa taratibu, mara kumi kila mguu, ili viungo visikauke. Chakula kipunguzwe kidogo, kwa kuwa mbwa asiyetembea akinenepa huongeza mzigo juu ya mgongo wake. Bukari yenye ndagala kidogo, na maji safi karibu na mdomo, vinatosha kwa mwanzo.

Mtu akisoma haya atasema: kazi yote hii kwa mnyama? Tunamjibu kwa habari ya watu. Mwaka 1944, wakati wa vita, mganga Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekimbia Ujerumani, alifungua huko Stoke Mandeville, Uingereza, nyumba ya kuwatunza askari waliovunjika mgongo. Siku zile wengi waliopooza hivyo walikufa upesi, nao waliuawa na mambo mawili yale yale: vidonda vya kulalia na mkojo uliooza. Guttmann aliagiza wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na vibofu vyao viangaliwe. Wakaishi. Mwaka 1948 akawaanzishia mashindano ya kulenga kwa mshale, na kutoka hapo ikazaliwa Michezo ya Paralimpiki. Aliwaokoa kwa ratiba iliyoshikwa kwa uaminifu.

Tena, mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza kwamba seli zilizotolewa ndani ya pua ya mbwa na kupandikizwa mgongoni mwake ziliwasaidia baadhi ya mbwa waliopooza kuisogeza tena miguu ya nyuma. Walishughulika na mbwa 34 wa nyumbani, waliopooza kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Bila watu waliowatunza siku baada ya siku kwa muda huo wote, utafiti huo, unaofanywa kwa tumaini la kuwasaidia wanadamu pia, usingewezekana.

Kuna pingamizi lingine, nalo ni zito. Katika malango yetu wamo watoto waliofukuzwa shuleni kwa kukosa karo, na wagonjwa wasio na franka za dawa. Je, ni haki kuwatumia mbwa fedha? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418, haikwepi swali hili. Inafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu nasi tunawawia wema. Kwamba kuwatesa bure ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe. Na kwamba fedha zinazopasa kuondoa kwanza taabu ya watu zisielekezwe kwao. Sisi tunayashika yote matatu kwa pamoja. Baba asiuze karo ya mtoto ili mbwa apasuliwe. Lakini kumgeuza mbwa ubavu hakumnyang'anyi mtoto kitu. Anayesema “watu kwanza”, kisha asimtembelee mtu wala asimhudumie mnyama, ametafuta udhuru tu.

Na pale ambapo mgongo umekatika, maumivu hayatulii, na hakuna tumaini, kumwomba mganga wa wanyama amlaze mbwa kwa sindano bila mateso ni tendo la huruma. Mnyama si mtu, na hukumu hiyo haivuki kamwe kufika kwa mwanadamu. Lakini jiwe na njaa nyuma ya choo si huruma.

Kitabu cha Tobiti kinasimulia kwamba kijana Tobia alipofunga safari pamoja na malaika Rafaeli, mbwa alifuatana nao. Kijana huyo alirudi nyumbani akiwa na dawa ya macho ya baba yake. Tunapenda kuona njia hiyo hiyo kwenu. Katika mashirika yetu wamo watu waliolazwa kitandani na ajali ya barabara, au na udongo uliowafunika machimboni. Wanahitaji kugeuzwa, kuoshwa, kukunjuliwa viungo, na mara nyingi ni mama mmoja aliyechoka anayefanya yote. Kijana aliyejifunza kuamka usiku kwa ajili ya mbwa asiyeweza kumshukuru kwa maneno hatashindwa kupokea zamu ya saa mbili karibu na kitanda cha jirani.

Tunawaomba basi, kila kundi, lijue ni mganga gani wa wanyama anayepatikana karibu. Lihimize chanjo ya kichaa kwa mbwa wa kila lupango. Na mbwa akiumia kwa mmoja wenu, mgawane zamu wawili wawili kwa majuma sita. Baadaye, zamu hiyo hiyo mwipeleke kwa mgonjwa wa shirika lenu aliye karibu zaidi.

Maswali ya kuzungumzia katika kundi:

1. Katika mtaa wetu, mbwa aliyeumia hutendewa nini, na nani huamua?

2. Ni wapi mpaka kati ya fedha za watu na huduma tunayowawia wanyama?

3. Ni mgonjwa gani karibu nasi anayegeuzwa na mtu mmoja tu, na nani kati yetu atachukua zamu ya kwanza?