Msimsingizie Mungu

Kila nyumba inapoezuliwa Handeni au Korogwe, maneno ni yale yale: "Ni mapenzi ya Mungu, upepo haushindiki." Wazee wanaitikia, na fundi aliyeezeka anaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Ana sababu.

Nendeni mkalikague lile paa lililotua shambani kwa jirani. Mara nyingi halikuvunjika, liling'oka zima, kenchi na papi bado zimeshikana. Zilikuwa zimekalishwa tu juu ya tofali, zikitegemea uzito wa paa lenyewe. Upepo mkali hausukumi paa tu, unalinyanyua: unaopita juu unalivuta, na unaoingia kwa mlango ulioachwa wazi unalisukuma kutoka ndani. Mabati nayo huanza kufunguka pembezoni na kwenye kofia, pale pale fundi anapobania misumari. Halafu tunapanga mawe juu, eti yazuie. Jiwe likishuka na upepo, linamkuta mtoto.

Wapo wanaosema vimbunga ni mambo ya watu wa pwani. Ni kweli, cha 1952 kiliipiga Lindi, na Hidaya, Mei 2024, kilitua Mafia. Lakini upepo unaotuezua huku haungoji kupewa jina. Unashuka ghafla kutoka kwenye wingu la radi lililo juu ya vichwa vyetu, mara nyingi kabla hata mvua yenyewe haijakolea, na baada ya dakika chache umekwisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa inaweza kuutahadharisha mkoa mzima wa Tanga. Haiwezi kukutajia kitongoji chako na saa yake.

Mtasema hela hakuna. Aliyemudu bando la mabati hashindwi na waya mnene wa kufungia kenchi. Usokotwe mara mbili, uzamishwe ukutani wakati wa kujenga, kozi kadhaa chini, kisha uje uikabe kenchi. Na tuliosoma madrasa tunajua kwamba ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali.

Basi wewe mwenye nyumba, kabla masika hayajaingia, usimmalizie fundi hela yake kabla hujapanda ngazi mwenyewe ukashika kenchi moja moja. Ukikuta hata moja haijafungwa ukutani, arudi kazini. Akikujibu kwamba yote ni mapenzi ya Mungu, tafuta fundi mwingine.