MAALIM SEIF NA KITI CHA MAKAMU



Wapo wasemao kwamba Marehemu Maalim Seif Sharif Hamad alikosea kuingia serikalini pamoja na mahasimu wake. Sisi wa Bwejuu hatuna kura Zanzibar. Mwaka 1890, Wazungu walipogawana visiwa, Mafia ilitwaliwa na Wadachi, Unguja na Pemba na Waingereza. Lakini kila mpinzani, popote alipo, jambo hili lamhusu.

Marehemu hakuwa mgeni wa madaraka. Alizaliwa Mtambwe, Pemba, 1943. 1984 akawa Waziri Kiongozi. 1988 akauzuliwa, kisha akafukuzwa CCM. 1989 akatiwa ndani, asitoke ila 1991. Katika uchaguzi wa 1995 alitangaziwa asilimia 49.8, Dk. Salmin Amour 50.2. Januari 2001 wafuasi wake walipigwa risasi, na wengi wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Baada ya yote hayo, Novemba 2009 alikutana na Rais Amani Karume wakapatana, na uchaguzi wa 2010 ukapita kwa salama. Anayeuita huo udhaifu hakupata kumzika mtu Januari ile.

Kosa twaliona kwingine. Huko Ireland ya Kaskazini, Martin McGuinness, aliyepata kuwa mkubwa katika jeshi la siri la IRA, aliketi mwaka 2007 na Ian Paisley, hasimu wake mkubwa. Sheria yao ilifunga viti viwili kwa kamba moja: McGuinness alipojiuzulu Januari 2017, serikali nzima ilianguka. Zanzibar je? Katiba iliyorekebishwa 2010 ilimfanya Makamu wa Kwanza mshauri tu wa Rais; shughuli za serikali Barazani akapewa Makamu wa Pili, mtu wa chama cha Rais. Oktoba 2015 Jecha Salim Jecha, mwenyekiti wa Tume, akaufuta uchaguzi. CUF ikasusia ule wa marudio, Machi 2016, na serikali ikaendelea hadi 2020 bila ya Makamu wa Kwanza, kana kwamba hapakuwa na mtu aliyeondoka.

Hatumlaumu marehemu kwa kuketi. Twamlaumu, pamoja na walioafikiana naye, kwa kuridhia kiti kisichofungwa na kingine. Nacho ndicho alichokirudia Desemba 2020, akiwa ACT-Wazalendo, kwa sharti lile lile, hata mauti yalipomkuta Dar es Salaam tarehe 17 Februari 2021. Mwenyezi Mungu amrehemu.