Sembène kwa Kiswahili: Nani Anabaki Nje ya Ukumbi?

Miongoni mwa marafiki zangu wa hapa Dar es Salaam, swali la filamu ipi ya Ousmane Sembène iliyo bora kuliko zote halijapata jibu, na sidhani kama litapata. Mwanasheria wetu hataki kusikia nyingine isipokuwa Camp de Thiaroye ya mwaka 1988, inayosimulia habari za askari wa Kiafrika waliorudi kutoka kuipigania Ufaransa, wakadai malipo yao, na tarehe 1 Desemba 1944 wakamiminiwa risasi na jeshi lile lile walilolitumikia. Muuguzi wetu anasimama na Moolaadé ya mwaka 2004, ambamo mwanamke aitwaye Collé anafunga kamba mlangoni pake ili kuwakinga wasichana wanne waliokimbia kukeketwa, na kijiji kizima kinashindwa kuivuka kamba hiyo. Mwalimu wa historia anaitetea Ceddo ya mwaka 1977. Mfanyabiashara anaipenda Xala ya mwaka 1975, ambayo anadai inawasema wanasiasa. Diwani aliye miongoni mwetu anaipenda Xala vilevile, ila yeye anadai inawasema wafanyabiashara.

Mimi nachagua Mandabi ya mwaka 1968. Nitaeleza sababu baadaye, kwa kuwa haitenganiki na ubishi wetu wa pili, ambao juu juu waonekana mdogo zaidi: filamu itazamwe wapi? Mwanasheria anapenda kumbi za kisasa zilizomo katika maduka makubwa, zenye viti laini na kiyoyozi. Mwalimu husubiri tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, ambalo tangu mwaka 1998 limekuwa likionyesha filamu ndani ya Ngome Kongwe, chini ya anga. Muuguzi, kwa sababu ya zamu zake, hutazama nyumbani kwenye kompyuta, vipande vipande. Na yuko fundi seremala, niliyesoma naye shule ya msingi, ambaye hutazama filamu katika kibanda umiza cha mtaani kwake, amebanwa na watu pande zote mbili, huku sauti ya msimuliaji ikieleza kwa Kiswahili kila kinachotokea kwenye kioo.

Fundi huyu ndiye pekee katika kundi letu asiye na filamu ya Sembène anayoipenda. Si kwamba ameziona zikamchosha. Hajapata kuonyeshwa hata moja kwa lugha anayoielewa. Hoja yangu, msomaji, ni kwamba jambo hili ni aibu yetu sisi wasomi, na kwamba tuna uwezo wa kuliondoa.

Tuanze na mwenyewe Sembène. Alizaliwa mwaka 1923 huko Ziguinchor, kusini mwa Senegal, katika familia ya mvuvi. Hakupitia chuo kikuu. Baada ya vita vikuu vya pili alikuwa kuli katika bandari ya Marseille, akaingia katika chama cha wafanyakazi, akajisomea, na mwaka 1956 akatoa riwaya yake ya kwanza kuhusu maisha hayo hayo ya bandarini. Riwaya yake mashuhuri zaidi, iliyotoka mwaka 1960, ilihusu mgomo wa wafanyakazi wa reli wa mwaka 1947 na 1948 katika Afrika Magharibi. Msomaji aliyesoma Kuli ya Shafi Adam Shafi, yenye kisa cha mgomo wa makuli wa Unguja mwaka 1948, atatambua mara moja kwamba waandishi hawa wawili walikuwa wakichota katika kisima kimoja.

Lakini Sembène alikuwa akiandika kwa Kifaransa, na wafanyakazi aliowaandika hawakuwa wakisoma Kifaransa. Sifa zilimjia kutoka kwa watu wa mbali. Waliomo ndani ya kitabu hawakujua kwamba wamo. Mtu mwingine angeridhika na sifa. Yeye, akiwa anakaribia miaka arobaini, alikwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu, akarudi Dakar, na mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, filamu fupi kuhusu siku moja ya mwendesha mkokoteni. Alizoea kuiita sinema shule ya usiku. Alizunguka na filamu zake vijijini, akizionyesha na kuketi na watu kuzijadili. Maana yake ni kwamba kwa Sembène mahali pa kutazamia filamu palikuwa sehemu ya kazi yenyewe, sawa na kamera.

Filamu zake ndefu za mwanzo, kwa hiyo, zinarudia jambo moja: mtu asiyeweza kusoma, na yule anayesoma kwa niaba yake. Katika La Noire de… ya mwaka 1966, msichana Diouana anatoka Dakar kwenda kufanya kazi za ndani kwa familia ya Kifaransa huko Antibes. Barua ya mama yake inapofika, bwana mwenye nyumba ndiye anayeisoma, kisha anaanza kuandika majibu kwa niaba ya Diouana, bila hata kungoja kusikia ana nini cha kusema. Diouana anaichana barua. Mwisho wake ni kifo. Nani kati yetu, katika pwani hii inayopeleka mabinti zake Oman na Saudia kufanya kazi za ndani, anaweza kusema kwamba kisa hicho ni cha Wasenegali peke yao?

Katika Mandabi, Ibrahima Dieng, mtu mzima asiye na ajira, mwenye wake wawili na watoto saba, anapokea hawala ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara za Paris. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni ya kumwekea mpwa mwenyewe. Za Dieng ni 2,000 tu. Ili azipate, posta inadai kitambulisho. Ili apate kitambulisho, anadaiwa cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Kila dirisha analolifikia lina mtu aliyesoma, na kila aliyesoma ana lake analolitaka. Hatimaye anayemmaliza ni jamaa yake mwenyewe, kijana mtanashati mwenye gari, ambaye kwa karatasi ya uwakilishi anaichukua hawala na kumrudishia gunia la mchele na uongo. Ndiyo maana naipenda filamu hii kuliko nyingine. Camp de Thiaroye inaniruhusu kumkasirikia Mfaransa, na nina haki ya kumkasirikia. Mandabi hainiruhusu kumkasirikia mtu yeyote ila mimi mwenyewe na wenzangu, tuliosoma kwa kodi ya akina Dieng, tunaojua fomu ipi inahitajika na wapi.

Na Mandabi ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza kusema Kiwolofu. Tangu hapo lugha za Kiafrika hazikutoka tena katika kazi zake. Katika Xala, tajiri El Hadji anazungumza na binti yake Rama kwa Kifaransa, naye binti anamjibu kwa Kiwolofu. Ugomvi wa vizazi viwili umekaa mle. Ceddo ilipigwa marufuku nchini Senegal, na sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa tahajia: serikali ya Rais Senghor ilitaka jina hilo liandikwe kwa d moja, Sembène akakataa kuiondoa ya pili. Wengi waliamini, na mimi naamini, kwamba sababu ya kweli ilikuwa jinsi filamu ilivyoonyesha Uislamu ukiingia kwa nguvu kijijini. Hata hivyo tazama kejeli yake: dola inagombania herufi moja katika nchi ambayo wananchi wake wengi wakati ule hawakuweza kuisoma ikiwa moja wala zikiwa mbili.

Sasa turudi kwetu. Filamu hizi zinapoonyeshwa hapa, katika tamasha, katika kituo cha utamaduni cha ubalozi, au darasani chuoni, huonyeshwa kwa Kiwolofu, Kibambara au Kifaransa, na tafsiri ya Kiingereza ikipita kwa maandishi chini ya kioo. Elimu yetu ya msingi ni ya Kiswahili. Kiingereza kinashika hatamu sekondari, na hata huko kila mwalimu anajua jinsi kinavyoshikwa kwa taabu. Kwa hiyo mtu aliyeishia darasa la saba, kama fundi wangu, akiingia katika onyesho hilo la bure, ataona watu wakizungumza lugha asiyoijua na maandishi yakipita katika lugha nyingine asiyoijua. Ameketi ukumbini, lakini yuko nje. Yeye ndiye Dieng, amesimama mbele ya dirisha la posta, na sisi tuliomo ndani ndio makarani.

Kisha tunajiuliza kwa nini watu wa kawaida hawapendi filamu za maana! Mwaka 2022 filamu yetu ya Kiswahili, Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya huyo huyo Shafi, ilipata Tanit ya Dhahabu katika tamasha la Carthage nchini Tunisia, tuzo ile ile aliyoipata Sembène kwa La Noire de… mwaka 1966. Hakuna aliyemtaka Mtunisia ajifunze Kiswahili kwanza. Filamu ilimfuata kwa lugha aliyoweza kuisoma. Iweje basi seremala wa Mbagala atakiwe ajifunze Kiingereza ili amwone mwana wa mvuvi wa Senegal?

Jibu la tatizo hili tunalo mitaani, nasi tumelidharau kwa zaidi ya miaka ishirini. Vibanda umiza vilizaa sanaa ya kusimulia filamu. Hapa Tanzania jina la Lufufu lilijulikana na watu ambao hawakuwahi kujua jina la mwongozaji yeyote. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana wasimuliaji wao, maarufu kwa Kiganda. Hawa hupunguza sauti ya filamu, huwapa wahusika majina ya kwetu, huulizana maswali na watazamaji, hukemea na kuonya. Mwanachuo atasema huo ni uharibifu. Mimi nasema huo ni usimulizi wa hadithi, na Sembène, aliyependa kujilinganisha na manju wa Afrika Magharibi, asingepata shida kuutambua.

Ninachopendekeza ni hiki. Idara moja ya chuo kikuu chochote chetu, ya fasihi au ya sanaa za maonyesho, iombe idhini ya wenye haki za Mandabi, na ilipe kinachostahili kulipwa. Ikae na msimuliaji mzoefu wa kibanda umiza na mtu anayejua Kiwolofu, waandae usimulizi wa Kiswahili ulioandikwa, uliojaribiwa, wenye kuheshimu kisa. Kisha filamu hiyo ionyeshwe katika kibanda chenyewe, katika uwanja wa shule ya kata, katika ofisi ya chama cha wafanyakazi, kwa kiingilio kile kile cha siku zote. Na baada ya onyesho watu wasitawanyike, wazungumze. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya shule ya usiku.

Nimezisikia pingamizi za marafiki zangu. Mwanasheria anahofia kwamba sauti ya msimuliaji itafunika Kiwolofu, ambacho Sembène alikipigania. Hofu hiyo ni ya heshima, lakini yeye mwenyewe haelewi Kiwolofu, anasoma Kiingereza. Zaidi ya hayo, Sembène aliipiga Mandabi pia kwa Kifaransa, kwa matakwa ya waliotoa fedha. Ikiwa wafadhili walistahili kuipata kwa lugha yao, makuli wa Dar es Salaam hawastahili? Mwalimu anasema Kiswahili cha maandishi chini ya picha kingetosha. Kingefaa sana kwenye televisheni, nami ningekiunga mkono kesho. Lakini kioo cha kibanda ni kidogo, wazee macho yao yamechoka, na maandishi hayamngojei anayesoma polepole. Diwani, kwa upande wake, ameuliza kama ni busara kuonyesha Xala karibu na uchaguzi. Swali lake ni ushahidi mzuri kuliko wote nilioutoa hapa kwamba filamu hizi zikifika mahali panapostahili zitafanya kazi.

Kwani mapenzi yetu kwa filamu hizi, tunavyozitazama sasa, yana raha ya bei nafuu. Kila mmoja wetu amechagua filamu inayomshitaki mtu mwingine, kisha amechagua mahali pa kuitazamia ambapo mtu huyo mwingine hayupo. Mfanyabiashara anaipenda Xala akiwa amezungukwa na wafanyabiashara. Nami naipenda Mandabi nikiwa miongoni mwa watu wenye shahada, ambao hucheka kwa uchungu pale panapotakiwa na kurudi kazini Jumatatu kugonga mihuri. Ningependa kuitazama nikiwa nimeketi kati ya watu waliowahi kupanga foleni tangu alfajiri kutafuta cheti cha kuzaliwa, nisikie wanacheka wapi, na wananyamaza wapi. Nadhani watacheka mahali ambapo sisi hatujawahi kucheka.

Sembène alifariki Dakar mwaka 2007. Fundi wangu anayo Jumamosi yake ya kutazama filamu, anacho kiingilio, na ana maoni makali kuhusu kila kitu. Kinachomtenganisha na filamu ya kuli mwenzake ni kazi ya tafsiri, ambayo kwa vipimo vya miradi tunayoiandikia maombi ya fedha kila mwaka ni ndogo mno. Tuifanye.