Saa Zote za Kazi Ziseme Neno Moja



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kaske, vumbi na maji safi. Leo tuseme juu ya saa zilizo ndani ya ordinatere. Wengine watacheka: «Hayo ni mambo ya watu wa biro.» Mimi nasema: saa zisizopatana zinaweza kuua mtu sawa na kamba iliyooza.

Tazama siku moja ya mfanyakazi. Akipita mlangoni, saa inaandikwa. Akichukua taa, inaandikwa tena. Chini ya shimo, kipimo cha hewa kinaandika. Baruti zikipigwa, saa inaandikwa. Akiumia, sisi wa dispanseri tunaandika vilevile. Mashini tano, mtu mmoja.

Tuseme baruti zimepigwa saa 14.30. Lakini saa ya kipimo cha hewa iko mbele dakika 20. Karatasi yake inasema: «Saa 14.45, hewa safi.» Shefu anafikiri hewa ilipimwa dakika 15 nyuma ya baruti. Kumbe ilipimwa saa 14.25, kabla hazijapigwa! Na moshi wa baruti una monoksidi ya karboni, sumu isiyo na harufu wala rangi. Shefu mwenye akili atapima tena kabla ya kuingiza watu. Hata hivyo, karatasi isimdanganye.

Katika dispanseri ni hivyo hivyo. Mtu akitoka damu nyingi tukamfunga mguu kwa nguvu, tunaandika saa ya kufunga, maana kupita saa mbili mguu wenyewe uko hatarini. Mgonjwa wa malaria kali anachomwa artesunate mara ya kwanza, tena nyuma ya saa 12, tena nyuma ya saa 24. Kama ordinatere ya dispanseri na ile ya hopitali hazipatani, munganga atahesabu kwa makosa.

Kwa nini zinaachana? Kila ordinatere inahesabu saa kwa kijiwe kidogo cha kwarsi. Joto na uzee vinabadili mwendo wake. Inaweza kupoteza segonda moja au mbili kwa siku, karibu dakika nzima kwa mwezi. Batri yake ndogo ikifa, umeme ukikatika, inarudi kwenye tarehe ya zamani kabisa. Tena inchi yetu ina saa mbili: Kinshasa iko nyuma ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kwa saa nzima. Ordinatere iliyotengenezwa kule ikaletwa huku bila kubadilishwa itadanganya kwa dakika 60.

Dawa ipo, nayo ni ya zamani. Mwaka 1985 fundi Mmarekani David Mills alitoa kanuni iitwayo NTP. Ordinatere moja, serveri, inashika saa ya kweli kutoka satelite. Nyingine zote za rezo zinaiuliza: «Ni saa ngapi?» Kila moja inapima muda wa swali kwenda na jibu kurudi, inaongeza nusu yake, halafu inajirekebisha polepole. Ndani ya rezo ya kompani moja, tofauti inabaki sehemu ndogo sana ya segonda. Lakini NTP haichagui saa ya Kinshasa wala ya Lubumbashi. Hiyo fundi aiweke mwenyewe.

Watu watasema: «Intaneti yetu inakatika kila siku.» Antena ya satelite haihitaji intaneti. Na hata serveri ikikosa satelite kwa muda, mashini zote zikiifuata zitapatana. Kwa usalama, hilo ndilo la kwanza.

Tarehe 14 Agosti 2003 umeme ulikatika Marekani na Kanada, watu karibu milioni 50 wakakaa gizani. Wachunguzi walisumbuka kupanga mambo kwa utaratibu, maana mashini nyingi za kuandika hazikuwa na saa moja. Ripoti ya 2004 ilitaka mashini hizo zipatanishwe saa. Kama nchi tajiri zilipata taabu hiyo, sisi tungoje nini?

Kwa mfanyakazi aliyeumia, jambo hili ni mkate wa watoto. Kama mlango unasema alikuwa ametoka, na dispanseri inasema aliumia kazini, nani atamtetea mbele ya wale wanaolipa ajali ya kazi?

Kwa hiyo naomba kila kambi ya kazi iwe na mtu mmoja anayejibu juu ya saa. Kila mwanzo wa juma azilinganishe zote na serveri: mlango, lampisteri, hewa, baruti, dispanseri. Asiachwe mtu yeyote kugeuza saa kwa mkono katikati ya posti. Na ukiona saa mbili zinabishana, andika zote mbili, umwambie shefu siku ile ile.

Nanyi mama, mtoto akichomwa sindano, ulizeni saa, mwiandike kwenye karatasi yake. Afya inahesabiwa kwa dakika. Basi tuwe na dakika moja sisi sote.