Waya za Plagi: Jenuini, za Kampuni Nyingine, na za Uongo



Ndugu zetu na mama zetu wasomaji, juma hili twaanza kwa kukiri kosa. Miezi michache iliyopita dada mmoja anayehudhuria darsa zetu za alasiri alitusimamisha mlangoni akauliza: "Sheikh, gari alilotuachia marehemu baba watoto lanisumbua. Fundi asema ni waya za plagi. Ninunue jenuini ama hizi nyingine za bei nafuu?" Nasi, bila ya kutafakari, tulimjibu: "Nunua jenuini, dadangu, usije ukajuta."

Alinunua, tena kwa fedha alizoziweka kwa karo. Waya zile hazikumaliza miezi miwili. Siku moja ya mvua ya masika, akiwa na watoto wanne aliowachukua madrasa, gari lilimzimikia katikati ya foleni ya kivuko cha Likoni, huku nyuma yake honi zikilia. Alipoturudia hakutulaumu. Alituonyesha boksi tu. Lilikuwa na jina la kiwanda kikubwa cha magari, lakini tulipolipapasa kwa kidole chenye maji, wino ulitoka. Waya zenyewe hazikuwa na maandishi hata herufi moja.

Hapo tulifahamu kwamba tulitoa fatwa katika jambo tusilolijua. Tulikwenda kwa fundi mmoja mtu mzima, tukaketi kwenye benchi la gereji yake kama mwanafunzi aketivyo mbele ya mwalimu. Haya tuyaandikayo leo mengi ni yake.

Kwanza tuelewe kazi ya waya hizi. Betri ya gari ina volti 12 tu, na nguvu hiyo haitoshi kurusha cheche ndani ya injini. Koili huupandisha umeme huo hadi ukapita volti elfu kumi, kisha distribyuta huugawa kwa zamu, na waya za plagi huufikisha kwa kila plagi. Umeme wa nguvu hivyo hutafuta njia ya mkato. Ngozi ya waya ikipasuka, au ikikauka kwa joto la injini, cheche huruka pembeni kwenye chuma badala ya kufika kwenye plagi. Petroli ya silinda ile hutoka bila ya kuungua, na mafundi husema injini "inamisi".

Dalili zake mama yeyote aweza kuzitambua. Gari hutetemeka likiwa limesimama. Hukosa nguvu kwenye mlima, kama vile kupanda kwenda Mazeras likiwa na abiria. Harufu ya petroli hutoka kwenye ekzosi. Huwa baya zaidi asubuhi yenye unyevu au siku ya mvua, na sisi wakaazi wa pwani unyevu hatuuhami. Mwenye kulipuuza jambo hili hupoteza petroli, kisha huharibu na kile kisafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi, ambacho bei yake ni kubwa kuliko waya mara nyingi.

Lakini kabla ya kununua, ulizeni kama gari lenu lina waya hizo. Toyota ya dada yetu ni ile iitwayo 110, yenye injini ya 5A na distribyuta, nayo inazo. Zile za NZE zina koili juu ya kila plagi, wala hazina waya za aina hii. Fundi anayewatoza waya za plagi kwa gari la namna hiyo awaonyeshe atazifunga wapi.

Sasa twarudi kwenye swali la dada yetu. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba waya ni za aina mbili. Kwa hakika ni tatu.

Aina ya kwanza ni jenuini, yaani iliyouzwa ndani ya boksi la kiwanda kilichounda gari. Faida yake ni kwamba urefu wa kila waya ni ule ule, vichwa vyake hukaa sawasawa, na haisuguani na chuma cha moto. Ila tufahamu kwamba kiwanda cha magari hakiundi kila kitu kwa mkono wake. Kampuni ya Denso, kwa mfano, ilikuwa sehemu ya Toyota mpaka ilipojitenga mwaka 1949, na hadi leo huiuzia Toyota spea nyingi.

Aina ya pili ni ya kampuni nyingine inayouza kwa jina lake yenyewe. Miongoni mwazo ni NGK ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1936, na Bosch ya Ujerumani. Hizi si bandia. Ni bidhaa halali zilizotengenezwa kulingana na injini yako, na mara nyingi bei yake ni ya wastani. Kwa gari la umri wa miaka ishirini na zaidi, fundi wetu asema, waya nzuri ya aina hii yatosha kabisa. Tahadhari ni kwa zile nene zenye rangi za kuvutia, zinazosifiwa kwamba zaongeza mbio. Unene huo kwa kawaida ni ngozi tu. Nyingine zina shaba tupu ndani, na hizo hukoroga sauti ya redio na zaweza kuivuruga kompyuta ya injini. Waya ya kawaida imewekewa ukinzani ndani yake kwa makusudi.

Aina ya tatu ni ya uongo: waya dhaifu iliyovalishwa boksi la mwenziwe. Hii ndiyo aliyouziwa dada yetu, na jibu letu la haraka ndilo lililomsukuma kuiendea, kwani mghushi huigiza lile jina ambalo watu wameambiwa walitafute.

Mwenye kununua afanye haya. Aende na namba ya injini au waya za zamani, apime urefu kwa urefu. Atazame maandishi kwenye waya yenyewe, si kwenye boksi pekee, kwani waya nzuri huwa na jina la mtengenezaji. Amwombe fundi apime kila waya kwa mita ya umeme. Kwa injini nyingi za Toyota za zama hizo, waya isizidi omu 25,000. Abadilishe seti nzima, injini ikiwa baridi, moja baada ya moja ili zisichanganyike, na ishikwe kichwa, isivutwe kwa waya. Wala asishawishiwe na waya zilizotumika kwa sababu tu zilitoka kwenye gari la Japani. Mpira huzeeka hata ukiwa jenuini.

Na achukue risiti yenye jina la bidhaa. Dada yetu aliporudi dukani hakuwa nayo, na mwenye duka alimkana. Sheria yetu ya Kiislamu yampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu alichouziwa chenye aibu iliyofichwa, na sheria ya Kenya ya mwaka 2008 yapiga vita bidhaa bandia. Lakini haki isiyo na ushahidi huwa ngumu kuidai.

Kwa wafanyabiashara wetu twasema neno moja. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni akakuta umajimaji chini, alimkemea muuzaji kwa kuficha unyevu ule. Nafaka iliyolowa ingeweza kuuzwa kwa bei yake ikiwa wazi. Vivyo hivyo waya ya bei nafuu iuzwe kwa jina lake na bei yake, na hapana lawama.

Na kwa mafundi: mtu akikupa fedha umnunulie spea, wewe ni wakili wake. Ukitaka ujira wa kwenda dukani, utaje. Kuongeza bei kimyakimya, au kuleta ya uongo ukadai jenuini, ni khiyana, hata kama mama yule hatafungua boneti maisha yake yote.

Dada yetu sasa amefunga waya za aina ya pili, zenye jina la mtengenezaji, zilizopimwa mbele yake, na risiti ameihifadhi ndani ya gari. Watoto wanafika madrasa kwa wakati. Nasi tumemtaka radhi, na akituuliza tena mtu swali la gereji, tutamwambia kwanza: subiri, twende kwa mwenye kujua.

Wabillahi tawfiq.